Unataka kucheza mpira nje? Anza na faili lako kabla ya viatu

Kila dirisha la usajili likikaribia napata meseji za aina moja kutoka kwa wadogo zangu wanaocheza ligi ya wanawake. Dada nimepata ajenti, anasema kuna timu Uturuki, anataka pasipoti, nimpe? Na mimi huwa nauliza kwanza, anataka picha ya pasipoti au anataka pasipoti yenyewe? Maana hapo ndo wengi tunapoanza kupotea.

Mimi nimecheza nje misimu miwili. Nchi na klabu niziache. Siku niliyofika, mtu wa klabu alinipokea uwanja wa ndege, akachukua pasipoti yangu akasema ni ya kushughulikia kibali, halafu njiani, niko siti ya nyuma, nimechoka sijalala tangu Dar, akanipa karatasi sita na kalamu ya bluu. Lugha siijui hata neno moja. Ukurasa wa nne kulikuwa na jedwali lenye namba nyingi, nikajua hizo ni bonasi za magoli, nikasaini huku natabasamu. Kumbe zilikuwa faini! Kuchelewa mazoezini kiasi hiki, kuongezeka uzito kiasi hiki, kuongea na waandishi kiasi hiki. Mshahara ulipokuja kusimama mwezi wa pili nikataka kurudi nyumbani, pasipoti iko kwenye droo ya mtu, kopi ya mkataba sina, na hakuna hata mtu mmoja Tanzania aliyekuwa anajua nilisaini nini.

Kwa hiyo kila ninachoandika hapa kinaanzia kwenye jambo moja: karatasi zako zikae kwako. Nunua faili la plastiki la kawaida, halafu kila kilichomo kipige picha uweke kwenye email yako na kwenye simu ya mama au dada unayemwamini.

Ndani ya faili inaanza pasipoti. Iombe sasa hivi, usisubiri timu ipatikane, kwa Tanzania ada ni shilingi 150,000 na utahitaji cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na nimeona binti akikosa usajili kwa sababu cheti kinasema Mwanahidi, NIDA inasema Mwanaidi, na leseni yake ya ligi ina jina la tatu kabisa. Majina na tarehe ya kuzaliwa yafanane kila sehemu. Na tafadhali mtu asikushawishi kupunguza miaka, ukishasajiliwa kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA tarehe ile inakufuata nchi zote utakazoenda. Kama hujafika 18, tulia kwanza, kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wamehamia kule kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Mtu anayekuambia umri "tutaupanga" anakupeleka kwenye matatizo.

Weka pia historia ya klabu zako zote tangu ukiwa na miaka 12, hata kile kitimu cha mtaani kama kilikusajili. Ukiuzwa ukiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizokulea kati ya miaka 12 na 23, na hiyo inahusu wanawake pia. Kocha wako wa kijijini anaweza kupata mipira na nyavu kutokana na miguu yako, lakini bila rekodi hapati kitu. Na jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: ile fidia ya mafunzo ambayo klabu za wanaume hudai mchezaji kijana akienda nje, kanuni za FIFA zinasema wazi haihusu soka la wanawake. Klabu ikikuambia mkataba umeisha lakini huondoki mpaka tulipwe pesa ya malezi, waombe wakuonyeshe imeandikwa wapi.

Halafu video. Usitume klipu ya dakika mbili yenye muziki mkubwa na magoli matupu peke yake. Skauti akishaipenda ataomba mechi nzima, dakika 90, aone unafanya nini mpira ukiwa mbali, unarudi kukaba au umesimama umeshika kiuno. Uwe na mechi tatu nzima, angalau moja mlifungwa. Mwanzoni andika jina, namba ya jezi, nafasi, mguu unaotumia, mwezi mkataba wako unapoisha. Basi.

Ajenti. FIFA inatoa leseni kwa mitihani na majina ya wenye leseni yanatafutwa kwenye tovuti yao, dakika tano tu, andika jina lake uone. Kama hayupo, mwambie asante. Mkataba wa wewe na yeye usizidi miaka miwili, ndivyo kanuni inavyosema, na usitoe hela ya "kufungua faili" wala ya "majaribio" wala ya viza. Klabu inayokutaka inatuma barua ya mwaliko yenye anwani na jina la mtu, unaweza kuipigia klabu yenyewe kwa namba iliyo kwenye ukurasa wao rasmi sio ile aliyokupa ajenti, na tiketi iwe ya kwenda na kurudi.

Sasa tuje kwenye kuchagua nchi, hapa napenda tuongee kwa kirefu kidogo, maana mabinti wengi wakisikia nje wanawaza Uingereza moja kwa moja. Angalia waliofika juu walipitia wapi. Tabitha Chawinga wa Malawi aliondoka kwao 2014 akaenda Sweden, tena timu ndogo ya daraja la chini, Krokom/Dvärsätts, akafunga mpaka wakubwa wakamwona, akapanda ligi kuu ya Sweden, akaenda China, ndo baadaye Inter ya Italia, PSG na Lyon za Ufaransa. Racheal Kundananji wa Zambia alipita Kazakhstan! Kutoka pale akaenda Hispania, Eibar kisha Madrid CFF, na 2024 Bay FC ya Marekani ikamnunua kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati ule. Barbra Banda naye Zambia, Logroño ya Hispania, Shanghai, halafu Orlando Pride 2024, na mwaka huohuo akafunga goli pekee la fainali ya ubingwa wa Marekani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruka ngazi.

Kwetu ni hivyohivyo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden 2022, akagusa Ligi ya Mabingwa Ulaya, 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Opa Clement alitoka Simba Queens, akacheza Uturuki, China, Mexico. Clara Luvanga alianzia Hispania 2023, Dux Logroño, mwaka huohuo akahamia Al Nassr ya Saudia na kule amebeba ubingwa. Majirani zetu Wakenya, Esse Akida amepita Israel, Uturuki na Ugiriki, na Jentrix Shikangwa baada ya Uturuki alikuja Simba Queens, akafunga hapa, akaenda China. Kwa huyo Jentrix, Tanzania ndo ilikuwa nje. Kwa hiyo binti wa Kakamega au Bujumbura au Kampala anayesoma hapa, ligi ya Bongo ina macho ya skauti, hasa timu inapoenda Ligi ya Mabingwa Afrika, usiidharau.

Swali la kujiuliza ukipata ofa mbili ni moja, wapi nitacheza dakika nyingi? Mshahara mkubwa huku uko benchi unakula msimu mmoja, halafu msimu unaofuata huna video mpya. Mimi ningechukua timu ya katikati ya msimamo Sweden au Uturuki inayohitaji straika kweli kuliko timu kubwa yenye mastraika wanne wa taifa.

Muda nao ni sehemu ya kazi. Sweden na China wanaanza msimu wakati wa machipuko wanamaliza karibu Novemba, Hispania, Uturuki na Saudia wanaanza baada ya kiangazi cha Ulaya wanamaliza mwaka unaofuata, Mexico wana michuano miwili kwa mwaka. Ukijua hivyo unapanga mkataba wako wa nyumbani uishe lini. Ikibaki miezi sita au pungufu mkataba uishe, una haki ya kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye, na ukiisha kabisa unaondoka bure, inabaki hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC, ambayo shirikisho la unakoenda linaiomba kwa TFF, shirikisho letu la soka, kupitia mfumo. Wewe hutakiwi kuibeba mkononi wala kuilipia mtu "aifuatilie".

Mkataba ukifika, usisaini siku hiyo. Omba uwe kwa Kiingereza au Kiswahili pembeni ya lugha yao na usome mstari kwa mstari. Mshahara wa mwezi ni kiasi gani, wa kabla ya kodi au baada? Unalipwa miezi 12 au 10 ya msimu tu? Nyumba ni yako peke yako au chumba na wenzako watatu, umeme na joto la kupasha nyumba analipa nani, maana bili ya baridi ya Januari sio mchezo. Tiketi ngapi za kuja nyumbani. Jedwali la faini, lisome mara mbili. Na goti. Sisi wanawake tunakatika kano za goti mara nyingi zaidi ya wanaume, na ukikatika ni miezi tisa au zaidi nje ya uwanja, sasa kama mkataba hausemi nani analipa upasuaji, hospitali ipi, na mshahara unaendelea au unasimama, utarudishwa nyumbani na magongo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mwenzangu wa chumba kimoja, beki mzuri sana, alipakiwa kwenye ndege goti limevimba kama papai na hata barua ya daktari hakupewa.

Kuna haki nyingine ambazo klabu haziwezi kuzifuta hata zisipoandikwa. Tangu 2021 kanuni za FIFA zinatoa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kukuvunjia mkataba kwa sababu una mimba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, ambaye amecheza Sweden, Ujerumani, Ufaransa, Italia na Saudia, alipata mimba akiwa Lyon, hakulipwa mshahara wake wote, akaenda FIFA akashinda, akalipwa zaidi ya euro 82,000, halafu akaendelea kucheza akiwa mama. Na tangu 2024 ukiumwa kwa mambo ya hedhi ukawa na cheti cha daktari, unakosa mazoezi na mshahara haukatwi. Na kwa wadogo zangu wa Zanzibar na pwani wanaoniuliza kuhusu hijabu, sheria za mpira zinaruhusu kufunika kichwa tangu 2014.

Mshahara ukisimama usikae kimya kama nilivyokaa mimi nikidhani nikiuliza nitafukuzwa. Miezi miwili isipolipwa, andika barua au email kwa klabu uwape siku 15 walipe. Wasipolipa ndani ya hizo siku una haki ya kuvunja mkataba na kudai. Ukiondoka bila ile barua, wao ndo watasema umetoroka. Kesi inapelekwa kwenye mahakama ya soka ya FIFA, mchezaji halipi ada, lakini una miaka miwili tu tangu tatizo litokee. Tanzania kuna SPUTANZA, Kenya kuna KEFWA, vyama vya wachezaji, waandikie mapema. Ushahidi ni taarifa ya benki, meseji za meneja, mkataba, yaani faili lako. Na usikubali kulipwa taslimu kwenye bahasha, omba benki.

Maisha ya kule mtayazoea. Jifunze maneno 20 ya uwanjani ya lugha yao kabla ya kupanda ndege, kushoto, kulia, mtu nyuma, geuka, nipe. Viatu vya nyasi bandia viwe jozi mbili. Hela ya nyumbani panga kiasi kimoja cha mwezi uwaambie wazi, maana simu zitakuja, kila mmoja ana shida ya kweli, na wewe una miaka michache ya kuingiza hicho kipato.

Ukimaliza mkataba, kabla hujafunga sanduku, dai vitu vinne: barua ya klabu kwamba mkataba umeisha na hakuna deni upande wako, nakala ya vipimo vyote vya hospitali, mechi zako nzima kwenye flashi, na risiti ya mshahara wa mwisho. Mimi niliondoka na jezi tu.

Na kama umesoma mpaka hapa na mechi yako ni Jumapili, leo usiku toa kile cheti cha kuzaliwa kabatini, kiweke pembeni ya kitambulisho cha NIDA na leseni yako ya ligi, soma majina matatu herufi kwa herufi. Yakipishana nitumie meseji, nitakuelekeza pa kuanzia.