Kuandaa Magogo na Kuunda Benchi la Kwanza la Karakana

Gogo likishakatwa huanza kupasuka mapema kuliko wengi wanavyodhani. Maji yaliyomo hutoka kwa kasi kubwa zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni, kwa hiyo ncha husinyaa ilhali sehemu ya katikati bado imejaa maji, na mvutano huo ndio unaoleta nyufa. Siku ile ile ya kukata, zipake ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta, mara mbili. Hata baada ya kupaka, gogo liwe refu kuliko kipimo unachohitaji kwa sentimita 10 hivi kila upande, ili sehemu itakayopasuka ikatwe bila hasara. Magome nayo yabanduliwe mapema, kwa kuwa chini yake ndiko unyevu hukaa na wadudu hutaga mayai.

Gogo zima lenye kiini ndani yake ni nadra kukauka bila ufa mkubwa. Mti husinyaa kwa kufuata mviringo wa pete za ukuaji takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome, na tofauti hiyo lazima itafute mahali pa kutokea. Dawa yake ni kulipasua gogo katikati ya kiini. Lilaze juu ya vipande viwili vya mti, likingwe pande zote lisibingirike, kisha gonga kabari ya chuma kwenye ncha, juu ya mstari unaopita kiini. Ufa ukitokeza ubavuni, tia humo kabari ya pili na uigonge mpaka ile ya kwanza ilegee, ndipo uihamishie mbele. Nyuzi zinazoshikilia katikati zikatwe kwa shoka. Tumia nyundo kubwa na vaa miwani ya kukinga macho. Kisogo cha shoka hakifai kugongea chuma, kwani vipande vinaweza kuruka. Mbao zilizopasuliwa hivi hufuata nyuzi za mti wenyewe, na kwa maoni yangu hakuna msumeno unaotoa miguu ya benchi iliyo imara kuzishinda.

Vipande vya kuhifadhi vipangwe kivulini, penye hewa, vikiwa vimeinuliwa kutoka ardhini. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vyenye unene sawa wa milimita 20 hadi 25, vikiwa vimenyooka wima kimoja juu ya kingine, la sivyo mbao zitapinda. Makadirio ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, ingawa aina ya mti na hali ya hewa hubadilisha sana hesabu hiyo. Kipimo cha kuaminika ni mizani: pima kipande kimoja kila baada ya wiki chache, na uzito ukiacha kupungua, mbao zimekauka kwa kadiri ya hewa ya mahali hapo.

Muda huo wa kungoja usipotee. Chukua nusu moja ya gogo, ingali mbichi, uifanye benchi fupi la kukatia na kuchongea. Upande bapa ukae juu. Sawazisha kwa tezo, kisha kwa randa. Upande wa chini toboa matundu manne yanayotoka hadi juu, yakiinamia nje ili miguu itanuke. Miguu yenyewe iwe ya mti mkavu kabisa. Hili ndilo jambo la msingi katika kazi nzima, kwa sababu benchi bichi litakaposinyaa, matundu yataubana ulimi wa mguu, yaani ncha yake inayoingia tunduni, ambao wenyewe hautasinyaa tena.

Kabla ya kuingiza mguu, chana ulimi wake kwa msumeno ili upokee kabari ya mti mgumu. Geuza mguu mpaka mkato huo ukingamane na nyuzi za benchi. Ukiuelekeza sambamba na nyuzi, kabari italipasua benchi papo hapo. Gonga kabari mpaka sauti igeuke kuwa nzito na kabari ikatae kuingia, kisha kata kinachobaki juu.

Urefu wa kwenda juu uishie chini kidogo ya goti, ili goti lako liweze kukandamiza ubao wakati wa kukata. Karibu na ncha moja toboa matundu mawili ya vigingi vya mti vya kuzuia ubao unapopiga randa. Visiwe vya chuma, maana vitaharibu makali. Baada ya miezi kadhaa uso wa benchi utavimba katikati, kwa kuwa upande wa gome husinyaa zaidi. Upige randa upya, ukate ncha za miguu mpaka zisimame sawa sakafuni, na benchi litakuwa tayari kupokea mbao zako zitakapokauka.