Anza na kamba ya nguo: namna ya kuupata mtindo wako wa mavazi hapa Moshi

Mimi ni fundi cherehani, meza yangu iko Moshi mjini. Kazi nyingi ninazoletewa siku hizi si za kushona nguo mpya. Ni za kurekebisha mitumba: kubana kiuno, kupandisha pindo, kupunguza mikono. Na karibu kila wiki anakuja mtu na picha kwenye simu, ananiambia, "Fundi, nataka nitoke hivi." Zamani nilikuwa nachukua futi kamba na kuanza kupima. Sasa ninamuuliza kwanza: ukifua Jumamosi, kambani huwa unaanika nini?

Swali hili nililipata kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Aliniletea picha ya sketi ya kubana inayoshuka chini ya goti, nikamshonea, ikamkaa vizuri sana. Baada ya miezi mitatu akairudisha ikiwa mpya kabisa. Kila siku anapanda bodaboda kwenda na kurudi kazini, na kwa sketi ile hawezi kupanda bila kuivuta hadi mapajani. Nilimpima kiuno na hipsi, nikasahau kumuuliza anafikaje kazini. Tuliifumua, nikamwongezea marinda mawili nyuma, na tangu hapo anaivaa kila wiki.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 1: Isome kamba yako

Kwa wiki mbili usinunue nguo yoyote. Kila ukifua, piga picha kamba ikiwa imejaa. Usipige picha kabati. Kabatini zimo nguo ulizozitamani. Kambani zipo ulizozivaa.

Nilipofanya hivyo kwangu mara ya kwanza nilikuta blauzi tano, na nne kati yake zina mikono inayoishia chini kidogo ya kiwiko. Sikuwahi kuliona jambo hilo. Nashona siku nzima. Mkono mrefu unaingia kwenye kitambaa ninachokishona, na mkono mfupi sana siupendi. Nilikuta pia kahawia, rangi ya udongo na bluu iliyokolea, wakati miaka yote nilikuwa nikijisemea kwamba rangi yangu ni kijani. Kijani kilikuwa kabatini, kimekunjwa.

Ukishapata picha nne au tano, kaa nazo uandike mambo haya: mikono inaishia wapi, shingo ni ya duara, ya V au ya kola, urefu unafika wapi, rangi zipi zinajirudia, na kitambaa ni kizito au chepesi. Andika kwa maneno ya kawaida kabisa. "Shingo ya V, mkono wa kiwiko, sketi ya kupanuka, hakuna maua." Sentensi hiyo ndiyo mtindo wako ulivyo leo, na ndiyo utakayokwenda nayo sokoni.

Hatua ya 2: Pima nguo, usijipime mwili

Chagua blauzi moja na suruali au sketi moja ambazo ukizivaa huzifikirii tena mpaka jioni. Zilaze mezani, zinyooshe kwa mkono bila kuzivuta, kisha uzipime. Kwa blauzi: kutoka mshono wa bega moja hadi la pili, kutoka kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka bega hadi pindo. Kwa suruali: kiuno ikiwa imefungwa, hipsi, na mguu wa ndani kutoka msambani hadi chini. Hifadhi namba hizo kwenye simu. Futi kamba ni ya bei ndogo. Nunua moja ikae kwenye pochi.

Nasisitiza kupima kwa sababu lebo za mitumba zitakuchanganya. Nguo zinatoka nchi mbalimbali na kila nchi ina hesabu yake. Gauni lenye namba 12 la Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani, na kwa Ujerumani huwa kama 38 au 40. Suruali ya jinsi huandikwa namba mbili, tuseme 32 na 34: ya kwanza ni kiuno kwa inchi, ya pili ni mguu wa ndani. Ila jinsi hiyo imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, pengine imeshalegea au imeshasinyaa. Namba ya kuiamini ni ile ya futi kamba yako.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya njia unayopita

Anayeshuka asubuhi kutoka Kibosho au Marangu anaondoka kwenye baridi, na saa saba mchana yuko mjini juani. Anayefanya kazi Arusha, mji ulio kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, anahitaji kitu cha kujifunika Juni na Julai ambacho sisi wa Moshi mjini tunaweza tusikihitaji zaidi ya saa mbili. Kwa watu wa milimani na wa safari za Arusha, nunua sweta ya vifungo badala ya ile ya kuvalia kichwani. Unaifungua kwenye daladala, unaivua, unaikunja, nywele hazijaharibika. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, pindo liishie juu ya kifundo cha mguu. Tope letu halitoki kirahisi.

Kitambaa nacho kina neno. Ukitaka kujua kama ni pamba au poliesta, chomoa nyuzi mbili kutoka kwenye akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kwa ndani, uziwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, na ikipoa inabaki kidonge kigumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Kwa joto la Januari na Februari, kidonge kigumu maana yake ni jasho.

Hatua ya 4: Nenda Memorial na vitu vitatu tu kichwani

Vitatu, si zaidi. Kwa mfano: blauzi moja ya shingo ya V, sketi moja isiyo na maua, sweta moja ya vifungo. Soko la mitumba la Memorial ni kubwa na lina sauti nyingi, na mtu asiye na orodha hutoka na mfuko wa nguo za bei rahisi zisizojuana.

Vaa fulana inayobana na taiti chini ya sketi, maana utajaribishia palepale kati ya watu. Nenda asubuhi kama unatafuta ubora. Bero, yaani furushi la mitumba, likifunguliwa, wa kwanza kuchagua ndio wanaopata gredi ya kwanza, na wengi wao ni wenye maduka. Nenda mchana kama unatafuta bei. Zilizobaki hutupwa chini kwenye turubai na kuitiwa buku buku, na nimewahi kutoa humo shati la kitani ambalo bado ninalivaa.

Ukishika nguo, usianze kuangalia uzuri wake. Igeuze ndani nje. Angalia kwapa: kama kitambaa kimekuwa kigumu au kimebadilika rangi, hakuna sabuni itakayokirudisha. Angalia mkunjo wa kola. Inyanyue juu ya mwanga, tundu dogo la nondo litaonekana kama nyota. Pandisha na ushushe zipu mara tatu. Shika mshono wa ubavuni uone kumebaki kitambaa kiasi gani kwa ndani, kwa sababu hicho ndicho fundi atakachokitumia ukitaka iongezwe. Kwa jinsi, zungusha kiuno chake shingoni ikiwa imefungwa. Ncha zikikutana nyuma bila kubana wala kupwaya, mara nyingi kiuno kitakukaa. Halafu toa futi kamba uhakikishe.

Hapa naomba unisikilize kama fundi. Kiuno kikubwa kinabanwa, pindo linapandishwa, mkono unafupishwa, zipu inabadilishwa. Hizo ni kazi za siku moja. Bega kubwa la koti lenye bitana ni kazi nyingine kabisa: inabidi nivue mkono mzima, nipunguze, nirudishe, na gharama yake inaweza kuizidi bei ya koti. Na nguo inayobana kifuani, kama haina akiba ndani, haiongezeki. Bega likikukaa, nunua. Bega likikataa, irudishe hata kama rangi yake imekuliza.

Bei ni mazungumzo. Msalimie muuzaji kwanza, muulize habari za biashara, ndipo uulize bei. Akisema elfu nane, usiiponde nguo yake, mwonyeshe kifungo kilichopotea, mwambie, "Kaka, nifanyie elfu tano, na hiki kifungo nakwenda kukigharamia mimi." Ukichukua mbili kwake, mwombe bei ya jumla. Wauzaji wetu wana kumbukumbu kali. Nina kijana mmoja pale ambaye akipata blauzi ya mkono wa kiwiko ananiwekea kando, bila mimi kumwambia tena.

Hatua ya 5: Kwa fundi

Fua nguo kabla hujaileta. Pamba inaweza kusinyaa, na nikishapandisha pindo sina la kufanya. Njoo na viatu utakavyovivaa nayo, hasa kwa suruali: pindo la kuvalia raba si pindo la kuvalia viatu vya ngozi. Akina kaka wengi wana kadeti nzuri ambazo zimekosewa hapo tu. Kitambaa kinajikusanya juu ya kiatu na suruali nzima inaonekana ya kuazima. Simama wima nikikuwekea pini, usiangalie chini, maana ukiinama pindo linapanda.

Na usiseme "fundi, itengeneze tu". Sema unachotaka: "ibane inchi moja kila upande, iishie hapa." Ukiwa na ile nguo unayoipenda ya Hatua ya 2, ilete niilaze juu ya hii mpya. Hakuna maelezo mazuri kuliko hayo.

Hatua ya 6: Vitenge vya sare vilivyolala kabatini

Hili ni letu watu wa Kilimanjaro. Desemba ikifika, watu wanarudi nyumbani, sherehe zinapangana: kitchen party, send-off, harusi, ubarikio, kipaimara. Kila moja ina sare yake. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na magauni sita ya kitenge, kila moja limevaliwa siku moja, na akilivaa tena anaonekana kama anakwenda kwenye sherehe ambayo imeshaisha.

Lilete gauni hilo. Sehemu ya chini mara nyingi inatosha sketi nzuri kabisa, na sketi hiyo inakwenda na blauzi isiyo na maua kazini, kanisani au msikitini. Ili ujue blauzi iwe ya rangi gani, tundika kitenge ukutani, rudi nyuma hatua kumi, ukitazame huku umefumba macho nusu. Rangi nyingi zitajificha, moja au mbili zitabaki. Chukua ile inayoonekana kidogo, si ile inayotawala. Kitenge cha njano yenye mistari myembamba ya zambarau kikivaliwa na blauzi ya zambarau kinatulia. Kikivaliwa na njano kinarudi kuwa sare. Kipande kinachobaki kinatosha kilemba au mfuko wa blauzi, na vitu viwili vyenye kitenge kimoja vinatosha kwa siku moja.

Ukipewa sare mpya, mwambie fundi mapema akushonee blauzi na sketi, kila moja peke yake, badala ya gauni. Siku ya sherehe hakuna atakayeona tofauti, na Jumatatu una nguo mbili.

Hatua ya 7: Rudia, kisha upige picha tena

Watu wengi wanaogopa kuambiwa wamerudia nguo. Mimi nataka urudie. Vaa mchanganyiko mmoja mara tatu ndani ya mwezi, kila mara ukibadili kitu kimoja: viatu, mtandio, mkanda, au ukunje mikono. Mara ya tatu utajua ni kipi kinakusumbua. Pengine kifungo cha pili kinafunguka ukiinama, pengine kola inakwaruza. Niletee hicho kitu kimoja nikirekebishe.

Mwezi ukiisha, rudi kambani na simu. Linganisha picha na zile za mwanzo. Nguo uliyoinunua Memorial kama haijaonekana kambani hata mara moja, ijaribu kwa wiki moja zaidi, kisha umpe mdogo wako au jirani ambaye itamkaa. Iliyochakaa hadi haifai kupewa mtu usiitupe hivyo hivyo. Kata vifungo vyote uvitunge kwenye uzi mmoja ili visitawanyike, fumua zipu taratibu kwa wembe, weka kwenye kopo. Kifungo cha shati lako jipya kitakapopotea, utakuwa na seti nzima ya kubadilisha.