Kusoma odds za ngumi zinapocheza saa za mwisho

Pambano kubwa la Las Vegas la Jumamosi usiku, Mwanza ni Jumapili alfajiri. Mabondia wakuu hupanda ulingoni karibu saa 12 asubuhi, Mwaloni Kirumba kumeshachangamka. Mizani, yaani mabondia kupimwa uzito, huwa Ijumaa mchana kwao, yaani Ijumaa usiku kwetu. Kati ya mizani na kengele ya kwanza ndipo odds, yaani namba ambazo kampuni ya kubeti huzidisha na dau lako ukishinda, hucheza sana.

Anza mapema. Jumanne piga picha ya skrini ya odds zote tatu, sare ikiwemo. Kisha gawa 100 kwa kila odds. Tuseme anayepewa nafasi ana 1.50, mpinzani 2.80, sare 17.00. Unapata 66.7, 35.7 na 5.9, jumla 108.3. Hiyo 8.3 iliyozidi 100 ni ya kampuni. Gawa 66.7 kwa 108.3: nafasi halisi anayopewa ni kama asilimia 62, si 67.

Rudia hesabu baada ya mizani. Ukikuta 1.72, 2.30 na 17.00, ameshuka hadi asilimia 54. Hapo kuna jambo. Lakini ukikuta 1.50 imekuwa 1.44 na nyingine hazijaguswa, jumla imepanda hadi 111 na nafasi yake imesogea kwa pointi moja tu. Kampuni imejiongezea faida, basi. Wengi huchania mkeka, yaani tiketi yao ya dau, hapa, wakidhani kuna siri imevuja.

Usitishwe na namba kubwa pia. Kutoka 9.00 hadi 7.00 kunaonekana ni mporomoko, kumbe ni kutoka 11 hadi 14 kwa mia.

Sababu ndizo kazi yenyewe. Odds zikisogea usiku wa Ijumaa, kampuni nyingi kwa pamoja, tafuta habari: uzito, jeraha, mpinzani kubadilishwa. Zikisogea kidogo kidogo Jumamosi jioni kuelekea jina maarufu, mara nyingi ni pesa za mashabiki. Conor McGregor alipopigana na Floyd Mayweather mwaka 2017, odds zake zilishuka kwa sababu watu walimwekea dau kwa wingi. Alipigwa raundi ya 10.

Mizani nayo ina mtego. Aliyezidi uzito huenda amejikausha maji mwilini ili uzito ushuke akashindwa, au ameacha kujikausha na atapanda na nguvu zake zote. Aprili 2024 Ryan Garcia alizidi paundi 3.2, karibu kilo moja na nusu, kisha akamwangusha mara tatu Devin Haney aliyekuwa akipewa nafasi. Baadaye ushindi ulifutwa kwa dawa zilizokatazwa. Kwa kawaida mikeka hulipwa kwa matokeo yaliyotangazwa ulingoni, ila soma masharti ya kampuni yako. Angalia pia kama soko, yaani aina ya dau, ni la matokeo mawili au matatu: kwenye mawili, sare kwa kawaida hurudisha dau, kwenye matatu, sare inakula dau lako kama ulichagua bondia.

Kabla ya kubonyeza, zima sehemu ya kukubali mabadiliko ya odds. Ukiiacha wazi, ulichokiona 2.30 kinaweza kuingia 2.10 bila kuulizwa. Na ukibeti kengele ikishagonga, kumbuka picha ya kwenye kibanda umiza huchelewa sekunde kadhaa. Soko likifungwa ghafla mabondia wakiwa bado wanazungukana kwenye runinga, ngumi imeshatua na wewe hujaiona.