Kuangalia ndege Chwaka, Unguja, jioni: anza na bamvua (maji makubwa)

Hatua ya 1: Hesabu mwezi. Wengi huchagua Jumapili kwa kuwa ni mapumziko, kisha huwalaumu ndege. Mimi pia mara ya kwanza nilipeleka watu siku ya maji mafu, yaani maji madogo. Saa kumi bahari imekupwa, vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wametapakaa kule mbali kama pilipili manga iliyomwagika, nasi tumesimama na darubini zetu.

Chukua kalenda ya Kiislamu. Mwezi 29 hadi 1, au 14 hadi 16, bamvua hujaa kwenye saa kumi, kumi na moja jioni (thibitisha kwa jedwali la maji). Tope lote likifunikwa, ndege husongamana kwenye mchanga mkavu na juu ya mikoko. Maji yakianza kutoka, tope la kwanza kufunuka ni lile la karibu na nyinyi, na hapo ndipo wanaposhuka kula. Tena Chwaka inatazama mashariki: jua liko mgongoni kwenu, ndege wanang'aa. Msimu mzuri ni Septemba hadi Machi, ndege wahamao wa kaskazini wanapokuwepo.

Hatua ya 2: Muone sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mapema. Watu wanane wanatosha.

Hatua ya 3: Kutaneni baada ya sala ya Alasiri. Kanzu nyeupe ibaki nyumbani, inaonekana kutoka mbali. Viatu msivue, chaza wa kwenye mikoko hukata kama wembe. Mkiwakuta kina mama wanaolima mwani, salimuni kwanza, na kamera zikae chini mpaka waridhie.

Hatua ya 4: Simameni. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa, mmeshasogea mno. Rudini nyuma taratibu. Anzeni na sululu: mkubwa, wa kahawia, mdomo umepinda kwenda chini. Akiruka hupiga filimbi kama mara saba mfululizo. Kisha mtafuteni mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi. Huyu hutagia mashimoni, kwenye mchanga wa pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, akaja kwetu kula kaa. Vitwitwi wadogo wadogo waacheni kwanza, hata mimi hunichanganya.

Hatua ya 5: Kukiadhiniwa Magharibi muwe mmeshatoka topeni. Kaeni kidogo barabarani, tochi zikiwa zimezimwa: yangeyange, wale ndege weupe, watapita juu yenu, makundi kwa makundi, wakirudi kulala mikokoni. Mmoja ahesabu, mwengine aandike.