Kuchanganya rangi ya bata jike wa mbao (wale wa chambo, wanaoelea majini kuvuta bata pori)

Juzi binamu yangu amenijia hapa Nakuru na oda ya bata sita, aina ya mallard (bata pori wa kaskazini mwa dunia), majike tupu, mteja yuko Marekani. Alikuwa ashapaka wawili na wote walikaa kama matofali. Basi tukaketi chini tukaanza upya.

Dume ni rahisi, kichwa kijani, pete nyeupe shingoni, umemaliza. Jike ndio kazi, juu mpaka chini ni kahawia na hakuna kahawia mbili zinafanana. Na usishuke ziwani kutafuta mfano, bata wetu wa mdomo wa njano dume na jike wako sura moja. Tafuta picha kama nne za mallard jike zilizopigwa mchana.

1. Piga msasa, paka andakoti ya akriliki (rangi inayochanganywa na maji), ikauke. Andakoti ya mafuta wachana nayo, akriliki itabanduka.

2. Rangi tano zinatosha kwa manyoya: bant amba (kahawia iliyokolea), ro amba (kahawia isiyo na wekundu), ro siena (kahawia ya njano), nyeupe ya titaniamu na bluu ya altramarini. Nyeusi ya chupa mimi siinunui kabisa, inaua kila kitu. Bant amba na bluu kidogo inakupa weusi wenye uhai.

3. Sasa rangi ya msingi, ile ya mchangamchanga chini ya manyoya. Hapa ndio nilipoteza Jumamosi nzima mwaka wa kwanza. Akriliki ikiwa mbichi inaonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa, ikikauka inakolea, kwa hivyo ukichanganya mpaka ifanane na picha ujue ushakosea tayari, ichanganye iwe nyepesi kidogo kuliko unayotaka. Halafu watu wakitaka kuipunguza ukali wanamwaga nyeupe kwa kahawia, inakuwa kijivu cha majivu, ndio yale matofali ya binamu. Anza na ro siena, ongeza ro amba kidogo kidogo, nyeupe iingie mwisho na ncha ya kisu tu. Paka kwa kipande cha mbao kilichopigwa andakoti ile ile, si karatasi, karatasi inadanganya. Ngoja ikauke kabisa kisha uitoe nje kwa mwanga wa jua, balbu ya njano ya karakana imeshanidanganya mara nyingi. Ikikubali, changanya ya bata wote sita mara moja uweke kwa kopo lenye kifuniko, maana kuirudia ile ile kesho ni bahati nasibu. Na jua la mchana huku linakausha rangi kwa sahani kabla hujashika brashi, tandika kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuokea, changanyia juu yake.

4. Manyoya: katikati ya kila unyoya bant amba, ukingo rangi ya msingi iliyoongezwa nyeupe. Brashi ndogo, mkono mwepesi. Utosi na mstari wa jicho viwe vya giza.

5. Kioo cha bawa (kile kipande cha rangi kali kwenye bawa) ni bluu, mstari mweupe juu na chini. Mdomo rangi ya chungwa na madoa ya giza katikati, usiufanye njano safi, huyo atakuwa dume.

6. Vanishi isiyong'aa. Binamu alitaka ya kung'aa eti inapendeza, nikamnyang'anya kopo, bata anayemetameta majini anafukuza wenzake.