Hesabu Mimba Kwanza: Namna ya Kuchanja Kondoo na Mbuzi Dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa

Huku Igunga, mkoani Tabora, wananiita "bwana mifugo" ingawa mimi ni mwanamke na nina wajukuu wawili. Nimezoea. Simu ikilia alfajiri najua itakavyoanza: "Mwangaluka, bwana mifugo. Mama, kondoo wameanza kutupa." Wakisema kutupa wanamaanisha kutupa mimba. Mvua ikiwa kubwa na mbuga ya Wembere imejaa maji, moyo wangu hukimbilia homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu na kumpata pia mtu anayeshika mnyama mgonjwa, kabla ya kitu kingine chochote, ijapokuwa mara nyingi huwa ni brusela tu, ugonjwa mwingine unaotupisha mimba.

Nayaandika haya kwa mfugaji mwenye kondoo au mbuzi kadhaa anayetaka kuchanja kabla balaa halijafika. Sindano yenyewe ni ya mtaalamu, na chupa ya chanjo usiinunue mnadani kwa mtu aliyeibeba mfukoni. Lakini kazi ya kuliandaa kundi ni yako, na huanza miezi mitano kabla ya sindano.

Naanza na kosa langu. Mwaka 2007, baada ya mlipuko ulioua watu na mifugo Kenya, Somalia na hapa kwetu, nilikuwa mgeni kazini. Nilipewa chupa za chanjo, deli la barafu na pikipiki. Kwa mzee mmoja kando ya majaruba nikachanja kondoo 31 kabla ya saa nne asubuhi, nikajisifu kwa kasi yangu. Sikuuliza nani ana mimba. Kikaratasi cha chanjo kilisema wazi kwamba wenye mimba wasichanjwe, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, nami nilikuwa nimekitumia kuzibia deli. Niliporudi wiki mbili baadaye, kondoo tisa walikuwa wametupa. Mzee hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Binti, ulikuja kuchanja au kuvuna?"

Tangu siku hiyo chanjo naipima kwa swali moja: inaitendaje mimba? Na ukiifuata historia yake utaona kwamba swali hilo ndilo lililowahangaisha hata watengenezaji. Ugonjwa wenyewe ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1931, karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, baada ya kondoo kutupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi. Mwaka 1944 mtafiti Kenneth Smithburn alipata kirusi chake kutoka kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda. Kikapitishwa katika ubongo wa panya mmoja baada ya mwingine, mara nyingi sana, hadi makali yakapungua. Hiyo ndiyo chanjo hai ya Smithburn. Dozi moja inatosha kwa miaka, bei yake ni ya chini, na ndiyo iliyotumika zaidi Afrika. Kwa kondoo asiye na mimba ni nzuri. Aliye nayo anaweza kutupa, au kuzaa kiumbe chenye kilema. Makali yale yalipungua kwa mnyama mkubwa tu, si kwa kiumbe kilichomo tumboni.

Wakaja na chanjo iliyouawa, ambayo kirusi chake hakina uhai tena. Hii haigusi mimba, ila nguvu yake ni ya muda: inataka dozi ya pili, kisha ya kila mwaka. Baadaye ikaja Kloni 13, iliyotokana na kirusi cha mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati cha mwaka 1974. Kirusi hicho kilikuwa kimejipotezea chenyewe kipande cha jeni kinachozima ulinzi wa mwili. Afrika Kusini wanaiuza tangu 2010. Watu walishangilia, mimi mmojawapo, mpaka majaribio ya dozi kubwa kwa kondoo wenye mimba changa yalipoonyesha kwamba hata hiyo inaweza kuvuka kondo la nyuma na kumdhuru kiumbe. Sasa macho yako kwenye ChAdOx1, kazi inayoongozwa na Mkenya George Warimwe akishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Hiyo haibebi kirusi kizima cha homa hii. Inatumia kirusi kingine kisichoweza kuzaliana, kilichopewa kipande tu cha maelekezo ya kirusi hiki. Kondoo na mbuzi wenye mimba waliojaribiwa hawakutupa, na majaribio ya kwanza kwa binadamu yameshafanyika.

Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Lifikirie hilo kabla hujaniambia kondoo wako ni wachache. Port Sudan, wanawake wajawazito waliolazwa na homa walipopimwa, zaidi ya nusu ya waliokutwa na kirusi hiki mimba zao zilitoka. Kwetu nani anafagia zizi? Nani anakamua? Mkamwana wako, tumbo likiwa la miezi sita. Kundi lililochanjwa ndiyo ngao yake.

Basi tuanze Mei.

Kondoo na mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Tatizo letu ni kwamba dume hutembea na majike mwaka mzima, kwa hiyo ukija mwezi wowote utakuta wenye mimba. Mwanzoni mwa Mei mfunge dume aproni ya gunia: kipande cha upana wa mikono miwili kinachoning'inia chini ya tumbo, mbele ya uume, kikishikwa na kamba mbili, moja mgongoni na nyingine nyuma ya miguu ya mbele. Wamasai wanatumia ngozi kwa kazi hiyohiyo, na wanaijua kuliko mimi. Ukague kila jioni, kwa sababu gunia hupinda upande na dume si mjinga. Madume wadogo wa miezi minne na kuendelea wahasiwe au wafungwe nao. Wengi husahau hawa, halafu wananipigia simu wakishangaa.

Jike aliyepandwa siku ya mwisho ya Aprili atazaa kabla Septemba haijaisha. Mwanzoni mwa Oktoba kundi lako ni tupu, na mvua za Tabora kwa kawaida hungoja Novemba. Hapo ndipo chanjo hai inafaa. Mvua ndiyo saa yenyewe: mbu wa Aedes hutaga mayai kwenye udongo mweusi wa mbuga, yakakaa makavu miaka, mengine tayari yana kirusi ndani. Mafuriko yakija yanaanguliwa kwa pamoja, kisha mbu wengine wanaokotea hapo na kueneza.

Kama huna uhakika na jike, mweke pembeni. Kiwele kilichojaa utakiona, lakini mimba ya mwezi mmoja au miwili hata mimi siipati kwa mkono. Huyo mwombee chanjo iliyouawa. Akichanjwa hivyo, mwanawe atapata kinga kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na huyo mdogo hatachanjwa mpaka afikishe miezi sita. Ng'ombe ni hesabu nyingine, mimba ni miezi tisa na dume huwezi kumvisha gunia. Kwao nachanja mitamba kwa chanjo hai kabla hawajapandwa, wengine kwa iliyouawa.

Siku ya chanjo, kundi lisiende malishoni. Tengeneza kipito cha miti upana wa kondoo mmoja, mwisho wake pawe na kivuli. Mwembe unatosha, na Tabora hatuna uhaba wa miembe. Mtaalamu akifika, usione haya kumwomba afungue deli. Barafu iwe bado barafu, chupa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na chanjo iliyouawa isigande kabisa, ikiganda imekufa mara ya pili. Chanjo hai ni unga. Ikishachanganywa na kimiminika chake ina saa chache tu, jua likiigusa ni chache zaidi. Inayobaki inamwagwa, hata kama jirani anaiomba kwa kesho. Mabomba ya sindano yachemshwe kwa maji. Ukiyasafisha kwa spiriti au dawa ya choo, mabaki yake yanaua kirusi cha chanjo na utakuwa umedunga maji.

Sindano moja kwa mnyama mmoja. Hapa nimegombana na wengi, wakiwamo wenzangu, kwa sababu sindano ni gharama na foleni ni ndefu. Mnyama mmoja mwenye kirusi damuni, sindano ileile ikipita kwa thelathini, umefanya kazi ya mbu kwa ufanisi kuliko mbu mwenyewe. Anadungwa chini ya ngozi, nyuma ya bega, na anapakwa alama ya rangi asirudiwe. Andika kwenye daftari: tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, idadi, na wale walioachwa na sababu yake. Uliza pia siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Kutupa kukianza, funga daftari. Usichanje. Wakati mlipuko umeshaingia, sindano husambaza kuliko inavyozuia. Mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo; damu itachukuliwa na kupelekwa maabara ya veterinari, na tawi lipo Tabora mjini. Dalili inayonitisha ni kundi zima kutupa karibu wakati mmoja, mimba changa na pevu, huku wadogo wa chini ya wiki moja wakifa kama kuku. Brusela haina haraka hiyo. Kilichotupwa kisishikwe kwa mikono mitupu, kizikwe kirefu kwa chokaa. Mjamzito asikaribie zizi hata kwa kuchungulia. Maziwa yachemshwe, nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe, na yule mzee anayependa damu mbichi aambiwe na mtu anayemheshimu.

Mambo yakiwa shwari, dume afunguliwe wiki nne baada ya sindano. Wana-kondoo watadondoka Aprili, majani yakiwa bado mabichi. Gunia lifue, lianike, ulitundike panya wasipofika. Utalihitaji tena Mei.