Mtoto wa ughaibuni akitaka kusomea misitu nyumbani

Simu za namna hii huniingia usiku, wakati huko mliko ndiyo kwanza mnatoka kazini. "Dada, kijana amemaliza shule, anasema anataka kurudi nyumbani asomee misitu. Tumpeleke Mlimani?" Naishi Tabata, nimeshawapokea watoto watatu wa ndugu kwa safari ya namna hii, kwa hiyo naandika hapa ninayowajibu kwenye simu.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapana. Shahada ya kwanza ya misitu inasomwa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wote tunakiita SUA. Wanaouliza Mlimani hawajakosea bure. Masomo ya misitu yalianza Morogoro mwaka 1973 yakiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na SUA ikasimama yenyewe mwaka 1984. Ndiyo maana wazee wetu waliosoma misitu miaka ya sabini wana shahada ya Dar es Salaam ilhali darasa lao lilikuwa chini ya milima ya Uluguru. Kozi ni ya miaka 3.

Sasa vyeti, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wetu wanapokwama.

Kijana aliyesoma sekondari nje lazima matokeo yake yafanyiwe ulinganifu na Baraza la Mitihani, NECTA, ndipo chuo kijue alama zake ni sawa na zipi za kidato cha nne na cha sita. Fanyeni hili miezi kadhaa kabla ya kukata tiketi. Mtoto wa kaka yangu alifika na cheti chenye majina mawili na pasipoti yenye matatu, jina la babu likiwa limeachwa na shule yake ya huko. Tulizunguka wiki tano: kwa wakili kuapa kiapo, kurudi dirishani, kuambiwa nakala haijathibitishwa, kurudi tena kwa wakili. Dirisha la maombi likafungwa tukiwa bado kwenye foleni, akakaa nyumbani mwaka mzima. Nilimwonea huruma sana. Leo hii, kabla hamjalala, wekeni cheti cha kuzaliwa, pasipoti na vyeti vya shule mezani, msome majina herufi kwa herufi.

Maombi hutumwa moja kwa moja chuoni kwa mtandao, si kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kazi ya TCU ni kuweka vigezo, na kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo chenye sifa za kila kozi. Kisomeni cha mwaka huohuo, msitegemee alichowaambia mtu aliyeingia zamani. Kigezo cha jumla kwa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1). Kwa misitu, kijana mwenye Baiolojia na Kemia au Jiografia anakuwa na msingi mzuri. Ambaye alama hazikutosha asikate tamaa: Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kipo tangu 1937 na kinatoa astashahada na stashahada. Stashahada yenye wastani mzuri inafungua mlango wa chuo kikuu, na mimi naona vijana waliopita Olmotonyi huingia SUA wakiwa tayari wanajua kushika panga na dira.

Uraia nao uangaliwe mapema. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mwenye pasipoti ya nje atahitaji kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji, kwa hiyo asiingie na visa ya matembezi akidhani mengine yatajipa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni wa Watanzania, hivyo pangeni ada kutoka mfukoni kwenu.

Akishatua Dar, msimkimbize Morogoro siku ya pili. Mpeni wiki mbili hapa. Mimi huwapeleka Keko kwa mafundi samani. Mara ya mwisho fundi mmoja alichukua kipande cha mbao kilichokuwa cheupe kwa vumbi, akakipangusa kwa kitambaa chenye maji, rangi ya mninga ikajitokeza, kahawia yenye michirizi ya dhahabu. Akaweka kando yake ubao wa paini. "Huu ulipandwa," akasema akigusa paini, "huu mwingine hakuna aliyeupanda." Kijana alikaa kimya muda mrefu. Baadaye tukaenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, nikamwonyesha jinsi kipenyo cha mti kinavyopimwa kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kwamba kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Nilifundishwa na baba, aliyekuwa bwana miti, yaani mtaalamu wa misitu. Pia kuna mikoko ya Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa.

Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo sababu ya kusomea nyumbani. Ulaya atajifunza misitu vizuri, lakini miombo, misitu yetu ya asili ya nchi kavu, hataikuta kule, wala hatakaa chini ya mwembe na halmashauri ya kijiji wakibishana mpaka wa msitu wao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji haki ya kutenga na kusimamia misitu yao wenyewe, kwa hiyo bwana miti wa huku anafanya kazi na watu kama anavyofanya na miti. Kiswahili chake kikiwa cha kubabaisha, anzeni kukinyoosha sasa hivi, mezani kwenu, kila siku. Mihadhara ni Kiingereza, ila fildi ni Kiswahili.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na ndani ya saa mbili umeshafika. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, Kihonda, hivyo akubaliane nauli ya bajaji kabla ya kupanda.

Kwenye begi: nakala tano za kila cheti zilizothibitishwa, gambuti imara, koti la mvua na sweta nzito. Morogoro kuna joto, lakini SUA ina msitu wake wa Mazumbai kule Usambara, na asubuhi ya huko ukungu unalala juu ya majani hadi saa nne.